Mwenzangu wa Fimbo

Rafiki yangu alikuwa mtu wa kupiga. Simaanishi kwamba alikuwa mgomvi. Watu wengine wakifurahi hucheka, wengine hukumbatia; yeye alikupiga. Ukimchekesha alikushindilia ngumi begani, ukimpa habari njema alikubamiza kofi mgongoni, na mkiagana alikufinya shavu mpaka jicho likatoa chozi. Wanawake wa Kathonzweni walimzoea. Walisema watu wa Mwingi ndivyo walivyo, wamekulia kwenye soko la ng'ombe, na yeye alicheka kuliko wote akawaambia ng'ombe wa kwao wana adabu kuliko wake za Makueni.

Mimi nilizaliwa Tulia, Kitui hiyo hiyo. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa wasichana wa Kitui walioolewa upande huu, na hilo peke yake lilitosha kutufanya ndugu. Boma zetu zilitenganishwa na ua wa mkonge wenye pengo ambalo tulilipanua kwa kupitapita. Chumvi ikiniishia nilichota kwake bila kubisha hodi. Yeye akichoka na kelele za wanawe alikuja kwangu, akajilaza kwenye mkeka, akaniamuru nisimsemeshe.

Kilichotufunga zaidi ni damu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka kadhaa bila mtoto. Wenzangu walioolewa pamoja nami walishaitwa mama fulani na mama fulani. Mimi bado niliitwa mke wa fulani, kama siku niliyofika. Asubuhi moja kwenye foleni ya maji, mwanamke aliyetaka kunipita alisema haoni sababu ya kumngoja tasa, kwani tasa ana haraka ya kumpikia nani? Sikuwahi hata kufungua kinywa. Rafiki yangu alikuwa ameshamrukia. Alimwangusha, akamkalia kifuani, akamtwanga kwa mtungi mtupu hadi pua ikapasuka na damu ikachanganyika na tope la bomba. Wanaume wawili walimvuta kwa miguu ndipo akamwachilia. Alisimama, akajifunga leso upya, akawatangazia waliokuwepo kwamba mwenye kulitamka neno lile tena aje kwanza apitie kwake.

Jioni ile nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mimi niliyeambiwa sina wa kumpikia nilikuwa na mtu wa kuniulia mtu.

Naleta hili mapema ili msomaji asije akadhani nilifuga nyoka bila kujua. Hakuwa nyoka. Alinipenda, na mapenzi yale hayakuwa ya mdomo. Ila alinipenda nikiwa pale pale aliponikuta, na mimi sikujua kwamba kuna mapenzi ya namna hiyo.

Mume wangu alipofaulu kununua tangi kubwa la maji, rafiki yangu alikuja kulitazama, akalizunguka, akaligonga kwa vidole, kisha akanipiga kofi la pongezi mgongoni. Nilikohoa mpaka nikainama. Nilipochaguliwa kuongoza nyimbo kanisani alinibamiza upande wa kichwa, kwa mzaha, na sikio likavuma siku nzima. Nilicheka. Ungefanya nini? Huwezi kumshtaki mtu kwa kukufurahia.

Aliyeona mapema ni mama mkwe wangu. Usidhani alikuwa mtu wa hekima. Alikuwa mmbea wa kupindukia, na wambea wana macho. Alikuwa amekaa akichambua maharagwe siku ile ya tangi, na mgeni alipoondoka akasema bila kuinua kichwa, "Ukipata kitu, hiyo mkono yake inaongezeka uzito." Damu ilinichemka. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake anataka kunitenga na mtu wa pekee niliye naye katika nchi hii. Tukanuniana siku kadhaa, mimi na mama mkwe, nami nikapeleka nusu ya ugali wangu ng'ambo ya mkonge kwa makusudi ili anione.

Ninapotafakari sasa, nakumbuka pia upande wa pili wa mkono ule. Mbuzi wangu walipokufa kwa ugonjwa, alinishika bega kwa vidole vyepesi kabisa. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, alinikanda tumbo kwa maji ya moto, akanilisha, akalala chini kando ya kitanda changu. Mkono wake ulikuwa laini kwenye msiba na mgumu kwenye neema. Watu wakiniuliza utamjuaje rafiki mwenye roho ya kwa nini, huwa nawaambia waache kusikiliza mdomo. Mdomo hufundishwa hongera tangu utotoni, unaitoa hata usingizini. Tazama mwili wa mtu unafanya nini pale unapompa habari njema, kabla hajapata nafasi ya kujipanga.

Na yeye hakuwa na neema nyingi kwake. Mumewe alifanya kazi ya malori huko Emali, barabara ya Mombasa, na aliporudi mwisho wa mwezi alirudi kupiga. Sote tulisikia. Tulisikia kiti kikigonga ukuta, tulisikia watoto wakitoka mbio kujificha kwenye mkonge, tulimsikia yeye akilia kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Mara moja nilikwenda na panga mkononi na mume wangu akanirudisha kwa nguvu. Asubuhi yake alikuja jikoni kwangu, mdomo umevimba na jino limelegea, akakaa akanywa chai kwa upande mmoja wa kinywa. Sikuwahi kumsikia akimzungumzia mumewe. Aliuliza juu yangu tu. Aliuliza kama mwezi huu pia nimeona siku zangu, nami nilipomwambia ndiyo, alitikisa kichwa kwa huruma, akamalizia chai, na nilimwona mabega yakishuka kama mtu aliyetua mzigo. Nilidhani ni upendo. Labda ulikuwemo.

Halafu nikashika mimba, na safari hii ikakaa.

Kwetu mimba changa haisemwi. Huachwa ikajisema yenyewe, hasa kwa mtu ambaye ameshapoteza moja. Nilimwambia mume wangu, akaenda kukaa nje. Mama mkwe sikumwambia, mdomo wake nilikuwa naujua. Lakini rafiki yangu ningemfichaje? Nilipita kwenye pengo la mkonge nikamkuta anachinja kuku. Alikuwa amemkanyaga mabawa, kisu kiko shingoni. Nikamwambia.

Hakugeuka. Alikata, akashikilia kichwa mpaka kuku akaacha kutapatapa, na bado alikuwa ameshikilia. Kisha akasimama, uso unacheka, akanikamata mashavu yote mawili kwa vidole vyenye damu akanifinya. Alifinya kwa muda mrefu. "Sasa na wewe utakuwa mtu," akasema.

Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Nilikuwa na damu shavuni, nikaiosha, ikarudi. Kucha zake zilikuwa zimenipasua ngozi.

Hata hapo nilijitafutia maelezo. Nilijiambia amefurahi kupita kiasi.

Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri na ndengu, zile ambazo wengine huziita choroko, zilikubali. Sisi wanawake tulikuwa na mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, leo shamba la huyu na kesho la yule. Kupiga ndengu kwa mwethya kuna mpangilio wake. Maganda makavu yanamwagwa juu ya turubai, wanawake wanasimama safu mbili zinazotazamana, kila mmoja na fimbo ndefu. Safu hii inapoteremsha, ile inainua. Wimbo ndio unaoweka mwendo. Anayesimama mbele yako ni mwenzako wa fimbo, na huwa hubadilishi mwenzako ovyo, kwa sababu mikono yenu imeshazoeana. Na iko kanuni moja ambayo hakuna aliyeitunga: fimbo ikikupata, husemi kitu. Vidole vitapigwa, miguu itapigwa, ni kazi. Unacheka, unapuliza kidole, wimbo unaendelea. Anayelalamika huonekana mvivu anayetafuta kivuli.

Mwenzangu wa fimbo alikuwa yeye, miaka yote.

Ningeweza kukataa kwenda. Lakini mwanamke mzima wa afya hakosi mwethya bila sababu, na sababu yangu ndiyo ile isiyosemwa. Kwa hiyo nilikwenda, tumbo nimelifunga kwa leso mbili, nikasimama mbele ya mtu pekee pale aliyejua kilichomo. Nilijiona salama kwa sababu hiyo hiyo. Nilisema moyoni, huyu atanilinda.

Kazi ilikuwa kwa mwenyekiti wetu, mjane mmoja mkali mwenye shamba kubwa. Jua lilikuwa kali, vumbi la maganda limetujaa puani, fimbo zinalia juu ya turubai. Fimbo ya kwanza ilinipata vidoleni. Nikacheka, nikapuliza. Ya pili ilinichapa muundi, mahali ambapo fimbo ya ndengu haina shughuli, na maumivu yakapanda mpaka mgongoni. Nilimtazama. Alikuwa anaimba na wenzake, macho yapo kwenye ndengu. Nikarudi hatua moja nyuma. Naye akasogea hatua moja mbele.

Hapo ndipo nilipojua. Sikufikiri, nilijua tu. Fimbo ya ndengu hutoka juu ikaenda chini. Yake ilikuja kwa ubavu, imelala, kwa kimo cha tumbo langu. Nilijipinda. Ilinipata juu ya nyonga kwa nguvu ambayo ingemwangusha ndama.

Nikampiga. Fimbo yangu ilikuwa tayari iko juu na niliiteremsha kwenye mkono wake, na nilisikia mfupa ukikatika, sauti kavu, ndogo, katikati ya wimbo. Aliangusha fimbo yake. Nikampiga tena mdomoni. Alipoanguka juu ya turubai nilimfuata, nikamkalia, nikampiga kwa ngumi za mikono miwili, namwita kwa jina lake, namuuliza kwa nini, kwa nini, na kila nilipouliza nilipiga. Wimbo ulikatika. Walinishika nywele, wakanishika mabega, wakaniburuta. Damu ilikuwa kwenye ndengu, na mwenyekiti alikuwa anapiga kelele juu ya ndengu zake.

Sasa fikiria waliona nini. Waliona fimbo yake ikinigonga, jambo la kila siku. Kisha wakaniona mimi nikimvunja mtu mkono na kumtoa meno.

Usiku nilianza kutokwa na damu. Mume wangu alikodi gari hadi hospitali ya Wote, nami njia nzima nilibana miguu, nikimwambia aliyemo ndani asiniache, asinifanyie hivyo. Daktari aliniweka kitandani nisinyanyuke. Damu ikapungua, ikakoma. Mapigo ya moyo wa mtoto yaliposikika kwenye mashine nilimshika muuguzi mkono nikaung'ang'ania mpaka akaniomba nimwachie.

Niliporudi niliitwa mbele ya kikundi, na wazee wawili wa kanisa wakiwepo. Rafiki yangu alikaa mbele, mkono umefungwa plasta, mdomo umeshonwa. Wakaniuliza shetani gani alinipanda. Sikuwa na njia ila kusema. Nilisema nina mimba, nikaeleza fimbo ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikasema alilenga tumbo na alijua. Wanawake waliposikia mimba walishangilia, wengine wakasimama kunishika, na nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo yeye akazungumza kwa sauti ya unyonge, mdomo haufunguki vizuri.

"Mimi sikujua ako na mimba," akasema. "Ningejua, si ningemwambia akae chini?"

Nimepigwa sana maishani, na baba yangu, na walimu, na fimbo za ndengu. Hakuna pigo lililoniingia kama lile. Aliyasema akiwa ananitazama machoni, uso mkavu. Na kila aliyekuwa chumbani alimwamini, kwa sababu kwani mimba changa husemwa? Nani angeamini kwamba nilimwambia jirani kabla ya mama mkwe? Mama mkwe mwenyewe alinitazama kwa jicho la kuumia, nikajua nimempoteza shahidi wangu wa pekee.

Walinitoza mbuzi. Walinitoa kwenye mwethya mpaka nitakapojifungua na kutulia akili, ndivyo walivyosema, kutulia akili. Mume wangu alimpeleka mbuzi bila kunitazama.

Miezi ile nilikaa na hasira peke yangu. Wanawake walimchotea maji yeye kwa ajili ya mkono. Mimi mwenye tumbo nilikwenda na punda. Nilijaza pengo la mkonge kwa miiba. Kuna siku niliamka nikitamani kwenda kumchomea nyumba, na natamani ningeweza kusema kwamba ni sala iliyonizuia. Ni kwamba niliogopa kukimbia na mimba. Mwisho wa mwezi tulimsikia tena akipigwa, mkono ukiwa bado kwenye plasta, na mimi nililala pale nikisikiliza, na kwa mara ya kwanza sikulia.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, mwenye sauti ya kuudhi.

Wanawake wakija kumwona mzazi huleta kuni, maji, na uji wa wimbi. Wanakaa mduara, na mtoto anapitishwa. Kila mmoja anampakata, anamwombea maneno machache, anampa anayefuata. Hakuna anayerukwa. Kumruka mtu kwenye mzunguko ule ni kumwita mchawi mbele ya watu, na baada ya hapo hamna tena ujirani. Yeye alikuja na wenzake. Alikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, mkono umepona umepinda kidogo, na alikaa kwenye benchi la mbali. Nikamwona mtoto akienda, kutoka paja hadi paja, kuelekea kwake.

Niliinuka kitandani. Nyuzi za mshono zilinivuta, nikahisi kitu kikipasuka, sikujali. Nilimchukua mwanangu kutoka mikononi mwa mwenyekiti, ambaye alikuwa anamgeukia yeye ampe. Mikono ya rafiki yangu ilikuwa imeshanyooshwa.

Mwenyekiti aliuliza kwa ukali kama nimesahau mbuzi.

"Muache," rafiki yangu akasema. "Yeye anajua."

Mwenyekiti akamuuliza anajua nini. Akaitazama mikono yake, na nilifikiri atasimama aende zake.

"Huyu akikosa mtoto, mimi nilikuwa nalala usingizi," akasema. "Bwana akinipiga, akinitoa meno, nilikuwa najiambia, afadhali mimi. Afadhali mimi kuliko yule wa ng'ambo. Ndiyo nikaamka asubuhi, nikapikia watoto." Alinigeukia mimi. "Uliponiambia, nikaona sasa nitasema afadhali mimi kuliko nani?"

Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu nimjue, alikuwa amefunika kinywa kwa leso. Wale wanawake walitazama sakafu, na nadhani si mmoja tu aliyejihesabu pale kuwa naye aliwahi kulala vizuri kwa ajili ya shida ya mwenziwe.

Nilimhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia, na hasira yangu haikuondoka. Vilikaa pamoja, huruma na hasira, kama vinavyokaa hadi leo. Nilimwambia mama mkwe ampe uji. Akapewa, akanywa wote, akaniuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Nikamjibu kwamba ananyonya vizuri. Mtoto sikumpa.

Nilirudishwa kwenye mwethya, na mwenzangu siku hizi ni mwanamke mwingine. Mimi na yeye tunasalimiana. Mumewe aliporudi mara ya mwisho, wanawake sita tulikwenda pale na fimbo tukasimama mlangoni bila kusema kitu, mimi mbele, na tangu siku hiyo mwisho wa mwezi umekuwa kimya. Sikufanya hivyo kwa kumsamehe. Nilichoka tu kusikia.

Mwanangu sasa anatembea. Juzi alitoroka, akapenya ule mkonge, akajikwaa akaanguka mbele ya mlango wake, akaanza kulia na damu inamtoka gotini. Yeye alikuwa hapo hapo anaanua nguo. Nilimwona akiinama, mikono imeshamfikia. Kisha akaivuta, akaificha nyuma ya mgongo, akasimama juu ya mtoto anayelia akaniita nije nimwinue. Nilikwenda mbio.